Papa amepoteza maneno: mzungumze naye kwa lugha ipi?

Mdomo umepinda ghafla, mkono wa kulia hauinuki, na kila anapotaka kusema inatoka sauti moja tu. Hicho ni kiharusi, wauguzi wetu wanakiita AVC. Mpelekeni hopitali saa hiyohiyo, hata kama ni kwa machela. Kumbukeni saa alipoonekana mzima mara ya mwisho, na msimpe chai wala dawa ya kunywa kabla hajapimwa kama anameza vizuri.

Kazi ndefu inaanza akirudi nyumbani. Msimzungumzie kana kwamba hayupo. Mwaka 1861, huko Paris, daktari Paul Broca alimpima mgonjwa aliyejibu kila swali kwa “tan” tu, ingawa mengi aliyoambiwa aliyaelewa. Alipokufa, jeraha lilionekana mbele, upande wa kushoto wa ubongo. Upande huo ndio unaoendesha mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndio wenye lugha. Kwa hiyo maneno na mkono huo mara nyingi huondoka pamoja.

Yupo pia mgonjwa wa namna ya pili, ambaye daktari Carl Wernicke alimweleza mwaka 1874. Huyu anasema mfululizo, lakini maneno hayashikani, na ya wenzake hayaelewi. Watu humwita kichaa, wengine hutafuta aliyemroga. Jeraha lake liko nyuma zaidi, juu ya sikio la kushoto.

Kumjua wa kwenu ni yupi, wekeni mbele yake kikombe, ufunguo na kijiko. Mwambieni, “Papa, nionyeshe ufunguo,” bila kuutazama wala kuunyooshea kidole. Akiuonyesha, ameelewa. Rudieni kwa kila lugha aliyokuwa nayo: Kihunde au Kinyanga cha nyumbani, Kiswahili cha soko, Kinyarwanda, Kifaransa cha shule.

Hapo ndipo familia nyingi hukosea kwa kumchagulia lugha. Ribot, Mfaransa wa karne ya 19, alisema kumbukumbu za utotoni ndizo hudumu, na lugha ya utotoni pamoja nazo. Mfaransa mwenzake Pitres, mwaka 1895, akasema hutangulia kurudi lugha iliyotumika zaidi kabla ya ugonjwa. Wagonjwa wamewapa haki wote wawili, na wengi lugha zao hurudi pamoja. Basi mfuateni yeye. Mzee wa Masisi, huku Kivu Kaskazini, akijibu kwa lugha ambayo wajukuu hawakutarajia, msimkemee. Kwetu lugha hubebeshwa siasa nyingi. Yeye anashika neno lililo karibu.

Mmoja aseme, wengine wanyamaze, redio izimwe. Sentensi fupi, jambo moja. Mngojeni, kumalizia neno lake ni kumnyang’anya, isipokuwa yeye mwenyewe anaomba msaada. Maswali yawe ya ndiyo na hapana, ajibu kwa kichwa au kiganja, ila hakikisheni kwanza kwamba ndiyo yake ni ndiyo kweli: ulizeni jambo mnalolijua.

Jaribuni wimbo. Asiyeweza kuomba maji huenda akaimba ubeti mzima wa kanisani, akahesabu hadi kumi au akaitikia salamu, maana maneno yaliyozoeleka hivyo hayategemei sehemu iliyoumia peke yake. Msidhani amepona, wala msidhani anadanganya. Kutoka kwenye wimbo, mvuteni polepole kwenye neno moja la kazi: maji, choo, maumivu.

Kila neno linalorudi, andikeni pamoja na lugha yake, na karatasi hiyo mwende nayo kwa muuguzi siku ya kupima presha.