Ajali ya Ndege ya Ndola

Malori mengi ya shaba yapitayo hapa Tunduma hutoka upande wa Ndola, Zambia. Katika msitu ulio karibu na mji huo, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ilianguka ndege iliyomchukua Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akienda kuonana na Moise Tshombe wa Katanga ili vita vikome. Ndani walikuwamo watu 16. Mmoja tu alikutwa hai, naye akafa siku chache baadaye.

Wachoma mkaa waliokuwa msituni walisema waliona ndege zaidi ya moja angani. Tume ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, lililotawala huko wakati ule, haikuwasadiki. Mwaka 1962 iliamua kwamba rubani alishuka chini mno. Tume ya Umoja wa Mataifa, mwaka uo huo, ilisema sababu haikuweza kujulikana. Mimi naiheshimu zaidi tume hii ya pili, ingawa jibu lake halikumridhisha mtu.

Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zasema kuwa ajali huchunguzwa ili kuzuia nyingine, si kutafuta wa kulaumiwa. Taarifa ya kwanza hutakiwa katika siku 30, na ya mwisho, ikiwezekana, katika miezi 12. Lakini ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wakafa watu 19, mimi nilikwisha kuelezwa sababu tatu kabla jua halijachwa! Kila mwenye simu alikuwa fundi wa ndege.

Tazameni, basi, kazi ya Mtanzania mwenzetu, Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu. Mwaka 2015 aliongoza jopo la Umoja wa Mataifa juu ya ajali ya Ndola, nalo likaenda Zambia kuwasikiliza mashahidi. Mwaka 2017 aliandika kwamba yawezekana ndege ile ilishambuliwa au ilitishwa na wengine. Wala hakusema kuwa imethibitika. Wanaodai kwa yakini kuwa ilipigwa risasi wana haraka ile ile ya waliomlaumu rubani. Katika taarifa yake ya 2024 alieleza kwamba mataifa machache yalikuwa bado yanazuia habari muhimu, akayataka yazitoe.