SOMO LA ROBO HII: Watu Wanne, Gari Moja, Mfuko Mmoja

Katika ziara za kubadilishana kati ya sharika zetu na marafiki wa Ulaya, wenyeji huweza kupendekeza siku kadhaa za safari kwa gari la kulala, yaani gari lenye vitanda, jiko, sinki na choo ndani yake. Nchini Norwei huitwa bobil. Wengi huona ni anasa tu. Kwa kweli ni nyumba ndogo ya watu wenye vipato tofauti, na yale yanayosumbua kamati zetu hujitokeza humo kabla ya siku ya tatu: fedha, maji, taka, na nani aamue. Somo hili ni kwa ajili ya wanaokwenda na wanaowapokea. Mifano inatoka katika njia ya Oslo hadi Trondheim kupitia magharibi, ambayo niliipita wakati wa kiangazi pamoja na marafiki watatu.

Njia yenyewe ina mengi. Handaki la Lærdal, lililofunguliwa mwaka 2000, lina urefu wa km 24.5, na ndani yake yamechimbwa mapango matatu yenye taa za buluu ili dereva asisinzie. Jirani yake lipo kanisa la mbao la Borgund, la mwishoni mwa karne ya 12. Kamati za ujenzi zizingatie: mbao zake zimekaa juu ya mawe, si juu ya udongo, na hupakwa lami ya msonobari. Mwisho wa safari ni Trondheim, penye Kanisa Kuu la Nidaros lililoanza kujengwa mwaka 1070.

Jambo la kwanza ni uzito. Magari mengi ya aina hii yametengenezwa yasizidi kilo 3,500 pamoja na mizigo, ili mwenye leseni ya kawaida aweze kuyaendesha. Lita 100 za maji ni kilo 100. Mgeni akija na masanduku mawili ya vitenge na unga wa sembe, lazima kitu kingine kipungue. Vilevile hesabuni viti vyenye mikanda, si vitanda. Kuna magari yanayolaza wanne lakini kisheria hayabebi wanne. Dereva kutoka kwetu akumbuke kwamba kule hupita kulia, taa huwashwa hata mchana, na kiwango cha pombe kinachoruhusiwa ni kidogo mno, asilimia 0.02 katika damu. Na jiko la gesi ni la kupikia tu. Kulitumia kupasha gari joto usiku huku madirisha yamefungwa kunaweza kuua.

Kuhusu mahali pa kulala kuna kutoelewana kwingi. Sheria ya Norwei ya mwaka 1957 inampa kila mtu haki ya kutembea porini na kupiga hema, mradi awe angalau mita 150 kutoka nyumba inayokaliwa. Haki hiyo ni ya mtu na hema lake. Gari haliruhusiwi kuacha barabara na kuingia porini. Hilo linasimamiwa na sheria ya mwaka 1977. Choo nacho ni kisanduku cha kutoa kwa mkono, chenye ujazo wa lita 20 hivi. Watu wanne hukijaza kwa siku mbili au tatu, na humwagwa kwenye kituo maalumu tu. Pangeni zamu kabla ya kuondoka. Zamu isipopangwa, kazi hiyo humwangukia mpole kuliko wote.

Sasa fedha. Kuna kodi ya gari, dizeli, kambi, chakula, na vivuko ambavyo nauli yake hutegemea urefu wa gari. Makundi mengi huchagua moja ya njia mbili. Ya kwanza ni kugawana sawasawa, na mwenye mshahara wa shilingi huanza kusema hana njaa. Ya pili ni wenyeji kulipa kila kitu, na mgeni hukaa kimya hata pale anapojua wamepotea njia. Kwa maoni yangu njia ya pili ni mbaya zaidi, ingawa huonekana ya ukarimu.

Sisi tulikubaliana hivi. Kila mmoja alitaja kwa mtunza fedha peke yake kiasi anachoweza, na kiasi hicho hakikutajwa tena. Fedha ziliingia mfuko mmoja. Risiti ziliwekwa kwenye bahasha, na daftari lilisomwa kila jioni baada ya chakula, kwa jumla bila majina. Kura ilikuwa moja kwa kila mtu. Kupika kulikuwa kwa zamu, hata kwa waliochangia zaidi. Msimfanye mgeni kuwa mpishi wa safari eti kwa sababu mchango wake ni mdogo.

Msigawane salio siku ya kuagana. Ushuru wa barabara kule hauna kizuizi wala karani: kamera husoma namba ya gari na bili humfuata mwenye gari baadaye, naye huwadai waliolikodi. Bakizeni akiba, subirini bili zifike, kisha nakala ya hesabu itumwe kwa wote wanne kwa siku moja.