Vazi la Kijidudu

Mvuvi aliyepata kumkamata kambale kwa mikono mitupu ajua ya kuwa nguvu si kitu. Samaki yule hana magamba. Ngozi yake imefunikwa na ute, na kila umkazapo ndipo aponyokapo. Mwenye akili hupaka viganja majivu kwanza, kisha humshika. Wako viumbe wadogo mno, waitwao bakteria, ambao hujiokoa kwa ute vivyo hivyo.

Mmoja wao ni kijidudu cha kichomi, kiitwacho nyumokoki. Elfu moja vikipangwa mstari mmoja, urefu wake ni kama milimita moja tu. Hukaa puani mwa watoto wengi walio wazima bila kuwadhuru. Lakini pengine hushuka mapafuni, na hapo mtoto hushikwa na homa, akapumua mbio, na mbavu zikabonyea kwa kila pumzi. Nilikuwa na umri wa miaka tisa ndugu yangu mdogo aliposhikwa hivyo. Alipelekwa hospitali usiku, wala hakurudi.

Sasa, mwili hauna walinzi? Unao. Katika damu zimo chembe nyeupe, ambazo zikikuta kijidudu hukizunguka na kukimeza. Lakini nyumokoki huvaa ala ya ute, iitwayo kapsuli, iliyofanyizwa kwa vitu vya jamii ya sukari (si sukari ya chai!). Chembe nyeupe ikijaribu kukishika, huteleza, nacho huendelea kuzaana.

Aliyeonyesha jambo hili kwa ajabu kubwa ni Frederick Griffith, daktari wa Kiingereza, katika mwaka 1928. Alikuwa na nyumokoki za namna mbili. Za kwanza zilikuwa na ala, na zilipokuzwa katika sahani zilifanya madoa laini yenye kung'aa. Za pili hazikuwa na ala, na madoa yake yalikuwa ya kukwaruza. Panya waliodungwa zenye ala walikufa. Waliodungwa zisizo na ala walipona. Akaziua zenye ala kwa moto, akawadunga panya wengine; nao wakapona. Kisha akachanganya zile zilizokufa na zile hai zisizo na ala, yaani vitu viwili ambavyo kila kimoja peke yake hakikuua. Panya wakafa! Na katika damu yao akaona nyumokoki hai zenye ala. Zilizokuwa uchi zimevaa nguo za wafu.

Zilivaaje? Griffith hakuishi kupata jibu, maana aliuawa mwaka 1941 mabomu yalipopiga London katika vita. Mwaka 1944 Avery, MacLeod na McCarty, huko New York, walionyesha ya kwamba kitu kilichotoka kwa wafu ni DNA, ambayo ndani yake mna maagizo ya kushona ala. Basi elimu yote tuliyo nayo leo juu ya urithi ilipata msingi mkubwa kutoka katika ute wa kijidudu cha kichomi.

Tena ala ile ile iliyo ngao yake ndiyo imfichuayo. Mwili ukiisha kuijua, hufanyiza kingamwili, nazo hunata juu ya ute kama majivu ya mvuvi, na chembe nyeupe hupata mahali pa kushika. Kwa hiyo chanjo ya kichomi hufanywa kwa sukari ya ala yenyewe, bila kijidudu hai. Shida ni kwamba mwili wa mtoto mchanga haujifunzi vema kwa sukari peke yake. Ilipasa kuiunganisha na protini. Chanjo ya namna hiyo ilianza kutumiwa Marekani mwaka 2000, na watoto wachanga wa Kenya wakaanza kuipata mwaka 2011. Ndugu yangu alikuwa amekwisha kuzikwa zamani.

Kujificha hakutoshi, lakini. Fikiri habari za E. koli, kijidudu kikaacho matumboni mwetu. Kikiingia katika njia ya mkojo, kila mara mkojo hushuka kama mto na kutaka kukichukua. Hakichukuliwi, kwa sababu mwili wake umeota nywele nyembamba sana. Duguid na wenzake wa Scotland waliziita fimbria mwaka 1955, kwa neno la Kilatini lenye maana ya matamvua. Ncha ya unywele hushika sukari maalumu iliyo juu ya chembe za mwili wetu, kama mbegu ya kishonanguo ishikavyo shuka la mpitaji. Ziko fimbria zishikazo kibofuni, na ziko nyingine zishikazo katika figo, na hizo ndizo zenye hatari zaidi.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: kijidudu kikivaa koti nene, kitashikaje? Swali hilo ni la haki, kwani ala nene huzuia kunata. Nyumokoki imepata njia yake. Ikiwa puani, ambapo haja yake ni kushika, huvaa ala nyembamba. Na katika damu, ambamo chembe nyeupe huiwinda, zile zenye ala nene ndizo zisaliazo.