Ndege Imechelewa, Nani Kaichelewesha? Mtenda Anavyofichwa katika Lugha ya Kiwanja cha Ndege

"Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Kila aliyewahi kukwama katika kiwanja cha ndege cha Afrika Mashariki ameisikia sentensi hii ikitoka kwenye kipaza sauti. Tuichambue kama tunavyofundishwa katika muhula wa kwanza wa sarufi. Kitenzi kikuu ni "omba", na kiima chake ni tu-, yaani shirika linajitambulisha kuwa ni mtu wa kuomba. Hadi hapo ni adabu njema. Lakini katika kishazi rejeshi kitenzi ni "tokeza", kauli ya kutendesha, nacho kimepachikwa kiambishi -ji-. Aliyetokeza usumbufu ni usumbufu wenyewe. Hakuna aliyeuleta, umejileta. Shirika linaomba radhi kwa niaba ya kitu kilichojizaa.

Makala haya yanahusu jambo hilo: namna Kiswahili cha viwanja vya ndege kinavyotumia mnyambuliko wa vitenzi kumwondoa mtenda pale safari inapoharibika, na namna Kiswahili tunachozungumza Lubutu, ambacho wengine bado wanakiita Kingwana kwa sauti ya dharau, kinavyokataa kumwondoa. Data nilizipata bila kukusudia, siku niliyosafiri peke yangu kuvuka bahari kwa mara ya kwanza, kwenda Ulaya kwa kozi fupi ya isimu ya nyanjani. Kutoka Lubutu mtu anafuata barabara zaidi ya kilomita 200 hadi Kisangani ndipo aone ndege ya maana. Mimi niliipata, nikafika salama katika kiwanja kikubwa cha nchi jirani, ambacho sitakitaja, ili kuunganisha ndege ya saa mbili usiku. Kuanzia hapo kila kitu kilikwenda kombo, nami nilikuwa na daftari.

Saa mbili kasorobo ubao uliandika kwa Kiingereza "delayed", na mtangazaji akatafsiri: "Ndege imechelewa." Tafsiri hii ni ya kuangaliwa kwa makini. Neno la Kiingereza ni la kutendwa, sawa na "retardé" la Kifaransa: kuna nguvu fulani iliyoichelewesha ndege, hata kama haikutajwa. Kiswahili kina umbo linalolingana nalo kabisa, "imecheleweshwa". Mtangazaji hakulitumia. Alichagua "imechelewa", kitenzi ambacho kwa msemaji wa leo hakina mtendaji nyuma yake. Ndege imechelewa kama vile mwanafunzi anavyochelewa darasani, kwa tabia yake.

Nasema "kwa msemaji wa leo" kwa sababu historia ya neno hilo ni nyingine. Wanaisimu hulihusisha na kitenzi -cha, kile cha "kumekucha", kikanyambuliwa kwanza katika kutendea na kisha katika kutendwa. Kuchelewa ilikuwa kupambazukiwa: jua limekukuta mahali ambapo hukupaswa kuwapo tena. Kwa hiyo -w- iliyomo ndani yake ni alama ya kutendwa iliyokauka, na mtenda wa asili alikuwa mapambazuko. Abiria wa ndege ile wanaweza kuthibitisha etimolojia hii, maana saa tano usiku "imechelewa" iligeuka "imeahirishwa", tukalala kwenye viti vya chuma, na kulipokucha tulikuwa palepale.

"Imeahirishwa", kwa upande wake, ni kutendwa halisi, kwa hiyo sarufi inaruhusu kirai cha "na fulani". Hakikusemwa. Badala yake tulipewa "kutokana na hitilafu ya kiufundi" na "sababu zilizo nje ya uwezo wetu". Angalia kwamba katika tangazo zima kimilikishi cha nafsi ya kwanza kinajitokeza (hapa -ji- ni halali) mara moja tu, nacho kimewekwa pale ambapo kinakanusha: uwezo ni wetu, sababu ziko nje yake. Wanasheria wameshaubishia usemi huu. Tarehe 22 Desemba 2008, katika kesi ya abiria aliyefutiwa safari, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba tatizo la kiufundi peke yake halitoshi kuitwa hali isiyo ya kawaida inayoliondolea shirika wajibu wa kulipa fidia. Kwa lugha yetu, mahakama ilikataa kwamba hitilafu inaweza kuwa kiima kinachojitegemea. Ndege ina mwenye kuitunza.

Asubuhi lango la kuondokea lilibadilishwa, na badiliko hilo likatangazwa kwa Kiingereza peke yake. Karibu nami alikaa mama mmoja mfanyabiashara wa huku kwetu mashariki mwa Kongo. Kifaransa alikijua cha sokoni, Kiingereza hapana. Usiku aliniuliza, "Banasema nini, mwana yangu?" Nikamjibu kama mwanafunzi wa kitivo hiki: "Mama, safari imeahirishwa." Akanitazama. "Na nani?"

Hili swali limenifundisha kuliko semina nyingi. Mama hakuwa anauliza maana ya neno, ingawa "ahirisha" kwetu ni neno la vitabu na redio. Alisikia -w-, akajua kuna nafasi iliyo wazi katika sentensi, akataka ijazwe. Sisi tuliosoma tumezoea nafasi ile kuwa wazi. Tunaipita kama mtu anavyopita kiti kisicho na mtu.

Tulipofika kwenye lango jipya tukiwa nyuma ya kundi kubwa, mhudumu alitazama saa na kutuambia, "Mmechelewa." Sasa linganisha. Shirika lilipokawia saa kumi na moja, kiima kilikuwa ndege. Abiria walipokawia dakika kumi, kwa sababu ya tangazo lisilotafsiriwa, kiima kilikuwa m-, nafsi ya pili, watu wenye macho na masikio. Kitenzi ni kilekile kimoja. Kilichobadilika ni nani amewekwa mbele yake. Katika daftari langu nina mifano kumi na mitatu ya siku ile, na mgawanyo hauna hata kasoro moja: kosa la shirika lina kiima kisicho na uhai, na la abiria lina nafsi ya pili. Kumi na tatu si kopasi, najua, na mhadhiri wangu wa takwimu ataniambia hivyo. Lakini atakayesafiri karibuni na abebe kalamu, aone.

Walituruhusu kupanda, baada ya mama kusema maneno ambayo sitayaandika katika jarida la kitivo. Begi langu halikuruhusiwa, au halikupandishwa, au halikupanda. Nilifika Ulaya jioni na nguo nilizovaa, na kwenye dawati la mizigo nikaambiwa kwamba mzigo "haujafika".

Hapa mnyambuliko wa "potea" unastahili kukaa nao kidogo, kwa sababu ni mmoja wa mitajiri zaidi tuliyo nayo. "Mzigo umepotea": mzigo ni kiima, na umetenda. "Wamepoteza mzigo": kutendesha, mtenda yupo. "Mzigo umepotezwa": mtenda hayupo lakini kivuli chake kipo. Na kuna la nne, ambalo wanafunzi wengi hulisahau: "Nimepotewa na mzigo." Hili ni kutendwa kwa kitenzi kisicho na yambwa, jambo ambalo sarufi za Ulaya zingeliona ajabu. Anayekaa kwenye kiima ni aliyeumia, na kinachofuata "na" si aliyesababisha bali kile kilichoondoka. Lina ndugu mmoja wa karibu, "nimefiwa na baba". Kiswahili kimeiweka hasara ya mali katika umbo lilelile la msiba. Ni umbo zuri la kulilia, lakini si la kudai. Anayesema "nimepotewa" anaomba pole, na pole atapewa.

Anayetaka fidia anahitaji umbo jingine, maana sheria yenyewe inatofautisha vitenzi. Mkataba wa Montreal wa tarehe 28 Mei 1999, unaosimamia safari za kimataifa baina ya nchi zilizouridhia, unalibebesha shirika wajibu wa begi lililokabidhiwa tangu linapopokelewa. Begi lililoharibika lalamikiwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kulipokea. Lililocheleweshwa, ndani ya siku 21 tangu abiria alipopewa. Lisipofika hadi siku 21 zipite tangu siku lilipopaswa kufika, abiria anaweza kulidai kama lililopotea. Kuhusu ucheleweshaji, ni shirika linalopaswa kuthibitisha kwamba lilichukua hatua zote zilizofaa. Abiria hathibitishi kitu isipokuwa hasara yake. Kwa hiyo "umechelewa", "umeharibika" na "umepotea" si visawe vya malalamiko. Ni milango mitatu, na anayejaza fomu akiwa amechoka, kwa lugha ya tatu, anaweza kugonga usiostahili. Fomu niliyopewa jina lake halikutaja kupotea wala kuchelewa. Ilikuwa ripoti ya "hitilafu" ya mali. Niliandika kwamba mzigo haukupandishwa ndegeni na shirika, kirai cha "na" kikiwamo. Ulinifikia siku ya nne.

Turudi kwa mama, maana usiku ule alipochoka kusubiri jibu la "na nani" alijitengenezea sentensi yake: "Ndege balichelewesha." Kwa mwalimu wa Kiswahili sanifu hapo kuna makosa kadhaa. Kwangu hapo kuna mfumo. Katika Kiswahili chetu cha Lubutu, kama katika kile cha Kisangani, cha Kivu na cha Lubumbashi, ngeli ya wa- hutamkwa ba-, na kauli ya kutendwa hutumika kwa nadra. Panapohitajika kutendwa, msemaji hutanguliza kilichotendwa kama mada, kisha hutumia ba- isiyomrejelea mtu aliyetajwa: "Muzigo yangu balipoteza." "Barabara balifunga." Lingala nacho hufanya vivyo hivyo kwa ba- yake. Mtenda hajulikani jina, lakini ni binadamu, tena wengi, na wako mahali fulani. Huwezi kuunda kwa umbo hilo ndege inayojichelewesha wala usumbufu unaojitokeza. Hii ndiyo lugha iliyofika Maniema na misafara ya karne ya 19 kupitia Nyangwe na Kasongo, ambayo Katiba ya 2006 inaihesabu miongoni mwa lugha nne za taifa, na ambayo katika vitabu vingi vya sarufi hupewa sura ya "upungufu". Kupungua kwa -w- ni upungufu kweli ukihesabu viambishi. Ukihesabu wanaowajibika, hesabu inageuka. (Kuhusu Kikumu, lugha ya nyumbani ya wengi wetu kule, ambayo Guthrie aliiweka katika D23, mada hii inadai makala yake.)

Hata hivyo nisiisifu ba- kupita kiasi. Kilomita chache kutoka Lubutu mjini kuna Tingi-Tingi. Mwishoni mwa 1996 na mwanzoni mwa 1997 zaidi ya wakimbizi laki moja kutoka Rwanda walipiga kambi pale, na kipande cha barabara ya lami ya Kisangani kikatumika kama kiwanja ambako ndege za misaada zilitua. Kwa watu wa rika la wazazi wangu, hicho ndicho kiwanja cha ndege walichokiona kwa karibu. Mimi nimekua nikisikia habari za miezi ile, na karibu zote ni za ba-. Balikuya. Balilala pale. Balileta chakula na ndege. Balipiga. Balikimbia. Balikufa. Ba- ya kwanza ni wakimbizi, ya tatu ni watu wa misaada, ya nne ni wenye bunduki, ya tano ni wakimbizi tena na pengine sisi wenyewe. Msikilizaji wa nyumbani anapanga mwenyewe, mgeni hawezi. Na wakati mwingine msimulizi hataki apangiwe. Anajua kabisa ba- fulani ni nani, lakini kumtaja kuna gharama, na kiambishi kinampa mahali pa kusimama bila kusema uongo. Hapo ba- inafanya kazi ileile ya -w- ya kipaza sauti, isipokuwa aliye nyuma ya kipaza sauti analinda fedha, na mzee wa Tingi-Tingi analinda uhai.

Tofauti ipo bado. Ukimuuliza mzee "bananani?", swali linawezekana, atajibu au atanyamaza, na kunyamaza kwake utakuelewa. Ukiuliza usumbufu umejitokeza na nani, umevunja sarufi.

Tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wasemaji wa ba- wanazidi kukaa kwenye viti vile vya chuma, wakisikiliza matangazo yaliyoandikwa kwa ajili ya sikio lingine. Wanaotafsiri matangazo hayo wengi wao hutoka vitivo kama hiki chetu. "Tumechelewesha ndege" ina silabi nane na haihitaji kamusi. Nimeijaribu kwa watu wa nyumbani waliopanda ndege na wasiopanda, na wote waliuliza swali moja, kwa nini, ambalo ndilo swali linalofuata pale ambapo "nani" limeshajibiwa.