Somo la Ufundi: Kubadilisha Pompe ya Esanse

Leo tunasoma juu ya pompe ya esanse ya motokari za zamani zenye karburatere, kama Peugeot 404. Pompe imefungwa kando ya motere. Motere ikizunguka, kinundu cha ndani kinasukuma mkono wa pompe, na ngozi yake inavuta esanse toka tanki.

Kwanza pima. Motokari ikizimika njiani, usikimbilie kununua pompe. Tanki ina esanse? Tiyo haikuziba? Toa waya wa bobine ili moto usiruke, elekeza tiyo ya karburatere ndani ya chupa, mwenzako azungushe motere. Esanse ikiruka kwa nguvu, pompe ni nzima.

Isipokuja:
1. Acha motere ipoe. Toa waya wa batri. Sigara na taa ya moto ziwe mbali.
2. Weka alama kwa tiyo mbili, kisha uzitoe. Ziba ile ya tanki.
3. Fungua bulo, kwangua karatasi ya zamani, weka mpya.
4. Mkono wa pompe ukigoma, usilazimishe kwa bulo, utavunjika. Zungusha motere kidogo mpaka kinundu kishuke.
5. Kaza bulo zamu kwa zamu, rudisha tiyo.

Sasa, mbele ya kuwasha, nusa mafuta ya motere. Yakinuka esanse, ngozi ilipasuka na esanse ikashuka humo. Mafuta hayo hayalindi chuma tena, yabadilishe. Wengi wanasahau hapa: pompe ni mpya, lakini motere inakufa.

Halafu washa, angalia kama kuna mahali panavuja. Kazi haijaisha mpaka umekagua.