Moto Ambao Yesu Hakuuagiza

JUMATANO

Soma Luka 9:51–56. Yakobo na Yohana walitaka Wasamaria watendewe nini, na kwa sababu gani?

Watu wa kijiji kile walikuwa wamekosa kweli: walikataa kumpokea Mwana wa Mungu. Tena wanafunzi walikuwa na mfano kutoka katika Maandiko, kwa maana Eliya aliwahi kuita moto ukawateketeza askari wa mfalme wa Samaria (2 Wafalme 1:9–12). Hata hivyo, waliokemewa siku ile ni wanafunzi.

Safari yao ilikuwa ya kwenda Yerusalemu. Katika mji huo huo, tarehe 30 Julai 2015, watu wa mapenzi ya jinsia moja pamoja na jamaa na rafiki zao walikuwa wakiandamana barabarani. Myahudi mmoja mwenye msimamo mkali wa dini aliingia kati yao akawachoma kisu watu sita. Msichana wa miaka 16, aliyefika kuwaunga mkono rafiki zake, alifariki siku chache baadaye. Mtu huyo alikuwa ametoka gerezani wiki chache tu kabla, alikofungwa kwa kuwachoma kisu watu watatu katika maandamano kama hayo mwaka 2005. Alidai kwamba alikuwa akitenda kwa ajili ya Mungu.

Wengi wetu hatutashika kisu kamwe. Lakini huko Marekani wapo wanaojiita Wakristo ambao husimama kando ya maandamano ya namna hiyo, wakiinua mabango ya kutangaza kwamba Mungu anawachukia wanaopita. Na kwetu je? Mtoto anapofukuzwa nyumbani usiku, au jina la jirani linapogeuzwa kuwa mzaha baada ya ibada, tunaomba moto ule ule. Yakobo 1:20 inatufundisha kwamba hasira ya mwanadamu haizai haki ya Mungu.

Soma Yohana 4:7–26. Je, kumvumilia mtu maana yake ni kukubaliana naye katika yote?

Yesu alimweleza mwanamke Msamaria wazi kwamba wokovu watoka kwa Wayahudi, akagusa na habari za waume zake. Lakini aliyasema hayo akiwa ameketi kisimani, baada ya kumwomba maji ya kunywa. Hakuificha kweli, wala hakumdharau mtu. Kanisa letu, katika tamko lake la mwaka 1999 lililorekebishwa mwaka 2012, linashikilia kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke (Mwanzo 2:24). Kanisa hilo hilo linakataa watu hawa watengwe ili kudhihakiwa au kutendewa vibaya. Hatuna ruhusa ya kushika sehemu moja na kuiacha nyingine.

Tukumbuke pia tulikotoka. Katika miaka ya 1880, Waadventista huko Arkansas na Tennessee walifungwa gerezani kwa kufanya kazi siku ya Jumapili. Wengi wa waliounga mkono sheria hizo walidhani wanamtumikia Mungu. Watu wenye historia hiyo wanapaswa kuwa wa kwanza kutetea dhamiri ya mwingine, hata pale wanapoamini kwamba amepotea.

Soma Matendo 8:14–17, 25. Ni nani waliotumwa kuwaombea Wasamaria?

Mmoja wao alikuwa Yohana yule yule. Aliyetaka moto uwaangamize sasa anaweka mikono juu yao wampokee Roho Mtakatifu, na njiani anahubiri katika vijiji vingi vya Samaria. Kama ombi lake la kwanza lingekubaliwa, kijiji kile kisingeisikia Injili kamwe. Mungu peke yake ndiye mwenye haki ya kuufunga mlango wa rehema. Kisu cha Yerusalemu kiliufunga kwa msichana wa miaka 16. Maneno yetu nayo yanaweza kumfanya mtu asitamani tena kuukaribia, ilhali Warumi 2:4 inasema ni wema wa Mungu unaomvuta mtu atubu.

Mfikirie mtu mmoja unayemfahamu ambaye mwenendo wake huukubali. Yale unayoyasema juu yake, kama angeyasikia yote, yangemvuta kwa Kristo au yangemkimbiza? Juma hili utamtendea nini ili ajue kwamba mlango bado uko wazi?