Yazuieni maji shambani kabla ya Februari

Ndugu mkulima wa Dodoma, Singida na maeneo yote ya kanda ya kati yanayopata mvua za msimu mmoja, Oktoba ndiyo hii. Kila ninapopita naulizwa mvua zitaanza lini. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu, na nawasihi mumwombe afisa ugani awasomee wa wilaya yenu. Lakini liko swali jingine ambalo jibu lake liko mikononi mwetu: ikinyesha, itabaki wapi?

Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye ekari moja ni takriban lita 4,000 za maji. Mvua moja nzito ya milimita 30, ile inayoshuka mchana kwa saa moja na kuacha makorongo yakinguruma, imemwaga kwenye ekari hiyo hiyo lita 120,000. Hayo ni mapipa 600 ya lita 200. Kwa mwaka mzima sehemu kubwa ya Dodoma hupata wastani wa milimita 500 hadi 600, na mahindi ya muda mfupi yanaweza kukomaa kwa kiasi hicho endapo maji yenyewe yatakaa pale mizizi ilipo. Tatizo ni kwamba hayakai. Yanashuka kwa mafungu machache makubwa, yanateremka bondeni, kisha jua linawaka wiki mbili au tatu.

Pengo hilo tunalijua sote. Mara nyingi huja Februari, wakati mahindi yaliyopandwa Desemba yametoa mbelewele na ndevu zinaanza kuchomoza. Hakuna kipindi kibaya zaidi cha kukosa maji. Mmea unaweza kuvumilia kiu ukiwa mdogo, ukajikunja na kuinuka tena. Kiu ikiupata katika wiki mbili kabla ya ndevu kutoka au wiki mbili baada yake, ndevu huchelewa, chavua inakauka bila kuzipata, na unavuna gunzi lenye punje za kuhesabu. Mvua ya Machi hairudishi punje ambayo haikutungwa.

Mabadiliko ya tabianchi yanaupanua msiba huu. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja, uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka kwa asilimia 7 hivi. Kwa mkulima maana yake ni mbili: hewa hiyo inanyonya maji zaidi kutoka kwenye udongo na majani, na inapoyaachia, inayaachia kwa kishindo. Ndiyo maana mtu anaweza kulalamikia mafuriko na ukame katika msimu mmoja, na akawa anasema kweli kwa yote mawili.

Basi tuanzie kwenye udongo wenyewe. Wazee wa Kongwa wanakumbuka simulizi za mradi wa karanga ambao Waingereza waliuanzisha mwaka 1947 kwa matrekta na fedha nyingi, ukafungwa mwaka 1951. Mvua ilikuwa haba, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kama sakafu, ikashindikana kuzing'oa karanga. Udongo ule haujabadilika. Ukilima kwa plau kina kile kile mwaka baada ya mwaka, chini yake hujengeka tabaka gumu ambalo maji hayapenyi wala mizizi haipiti. Na ukiberega, yaani ukafyeka, ukachoma mabaki na kupanda juu juu bila kutifua, matone ya mvua yanaupiga udongo ulio uchi hadi unafanya gamba, na maji yanateleza.

Usiniamini kwa maneno. Siku moja baada ya mvua kubwa ya kwanza, chukua jembe uchimbe mahali pawili: kwenye eneo lililoberegwa na mahali ambapo maji yalituama. Pima unyevu kwa mkono wako. Pa kwanza utakuta udongo umelowa vidole viwili au vitatu, chini yake vumbi. Pa pili mkono utazama kwenye tope hadi karibu na kiwiko. Mvua ni ile ile moja.

Njia ninayowasisitizia zaidi mwaka huu ni mashimo ya Chololo, kwa sababu yamebuniwa hapa hapa, katika kijiji cha Chololo, Dodoma, na hayahitaji chombo zaidi ya jembe. Shimo lina upana wa sentimita 22 hivi na kina cha sentimita 30, kiasi cha kuvunja lile tabaka gumu. Kutoka shimo hadi shimo ni sentimita 60, kutoka mstari hadi mstari sentimita 90, na mistari inakingama mteremko. Ndani weka majivu kidogo ya kuzuia mchwa, kisha samadi iliyooza na mabaki ya mazao, halafu rudishia udongo bila kulijaza shimo, ili juu pabaki bonde la kupokea maji. Udongo unaobaki ulaze upande wa chini wa mteremko uwe kingo. Mvua ikianza, panda mbegu mbili.

Najua mtakachosema, kwamba kazi ni kubwa. Ni kubwa kweli: ekari moja inachukua mashimo kama 7,500. Kwa hiyo sikwambii uchimbe shamba lote. Chimba robo ekari sasa, jua likiwa bado linaruhusu asubuhi na jioni, na uichague ile iliyo karibu na zizi ili samadi isikushinde kubeba. Faida yake ni kwamba mashimo hayo utayatumia tena msimu ujao kwa kuyafukua tu. Mwaka wa pili ongeza robo nyingine.

Mwenye maksai ana njia ya matuta. Inua matuta yakikingama mteremko, kisha kila baada ya mita moja na nusu au mbili ziba mfereji kwa kituta kidogo. Kituta hicho kiwe kifupi kuliko tuta kubwa, maji yakizidi yapite juu yake bila kubomoa shamba. Njia hii inafaa sana kwenye udongo mwekundu wenye mfinyanzi kiasi. Kwenye kichanga kitupu matuta yanabomoka mapema, hapo mashimo ni bora. Na kwenye mbuga nyeusi usiizibe mifereji kabisa mwaka ambao mvua zimetabiriwa kuwa juu ya wastani, maana mahindi yakisimama majini siku kadhaa yanageuka manjano na kudumaa.

Kuna pia ripa ya kukokotwa, inayopasua mstari wa kupandia bila kupindua udongo wote. Ni chombo kizuri, ila wakati wake mwema ni baada ya kuvuna, ng'ombe wakiwa na nguvu. Oktoba wamekonda, na kuwalazimisha kwenye ardhi iliyokauka ni kuwaumiza. Kiwekeni kwenye mipango ya Julai.

Kuhusu mbegu, chagueni inayokomaa mapema na kustahimili ukame, kama Situka M1, na mnunue kwa wakala anayetoa risiti. Mbegu ya muda mrefu inayong'ara Mbeya au Rukwa itakufia hapa ikiwa na kimo kizuri na bila gunzi. Msipande kwa manyunyu ya kwanza. Subirini hadi unyevu ufike angalau shibiri moja chini. Mbolea ya kupandia si lazima itandazwe shamba zima: kizibo kimoja cha soda kwa kila shimo, kifukiwe udongo kidogo kabla ya mbegu ili isiunguzwe.

Palizi ya kwanza iwe wiki ya pili au ya tatu baada ya mahindi kuota. Hapa ndipo wengi wanapotupa maji yao wenyewe, kwa sababu magugu yanakunywa kabla ya mahindi. Magugu uliyong'oa yalaze katikati ya mistari yawe matandazo, ila kama yameshatoa mbegu yaondoe. Matandazo ya mabua ndiyo bora zaidi, nami nahuzunika kuona yanavyotoweka. Baada ya mavuno ng'ombe wa kijiji kizima huingia mashambani, na mkulima mmoja hawezi kuwazuia peke yake. Jambo hili lipelekwe kwenye mkutano wa kijiji, wafugaji wakiwepo, mkubaliane walau sehemu ya mashamba ifungwe. Pandeni pia kunde kati ya mahindi. Zinafunika ardhi, na penye gugu la kiduha zinapunguza nguvu yake.

Mwisho niseme jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Ekari zote zisiwe za mahindi. Bahi, na sehemu kavu za Chamwino, nusu ya shamba iwe mtama au uwele. Mtama hulala jua likikaza na kuendelea mvua ikirudi, jambo ambalo mahindi hayawezi. Mvua zikichelewa hadi katikati ya Januari, acheni mahindi kabisa, kwa sababu ndevu zitatoka Machi na mvua zinaweza kukatika punje hazijajaa. Tumieni unyevu uliopo kupanda mtama wa Macia, choroko au kunde. Tafuteni mbegu hizo sasa hivi, Oktoba hii, kwa kuwa Januari kila mtu atakuwa anazitafuta na dukani zitakuwa zimekwisha.